Jiwe Lina Saa Yake

Si mbali na Msikiti wa Riyadha, pale Majengo ya Pumwani, kuna ua ambamo rundo la mawe hufunikwa magunia mwaka mzima. Magunia hayo hayaachwi yakauke. Kila asubuhi, kabla ya chai, mtu mmoja wa nyumba ile, mara nyingi mjukuu, hutoka na kopo akayamwagia maji, na jioni huyamwagia tena. Nilipokuwa mtoto nikitoka Kaloleni kwenda chuoni nilipita hapo kila siku, na nilidhani Mzee mwenye ua anaotesha kitu chini ya magunia, kama mtu anayelowesha mbegu za kunde. Nimekuja kuelewa nikiwa mtu mzima kwamba kazi ya maji yale ilikuwa kinyume: kuna kitu alichokuwa akikizuia kisikomae.

Mzee ni mchonga mawe. Nairobi hii ina mafundi wengi wa kujenga kwa mawe na wachache sana wa kuyachonga, na hao wachache wamezidi kupungua tangu mashine za kukatia mawe zilipoingia machimboni. Jiwe lake hutoka upande wa Njiru. Ni jiwe la majivu ya volkano yaliyoshindiliwa ardhini kwa muda usiohesabika, la kijivu, na ndugu zake utawaona kwenye kuta za Kaloleni, nyumba za miaka ya 1940 ambazo sisi tuliozaliwa humo tulizikwaruza kwa misumari tukiandika majina yetu. Likitoka ardhini jiwe hilo bado lina maji ndani yake, na tindo huliingia bila ugomvi. Likikaa juani majuma kadhaa hukaza, na ukililazimisha kingo zinameguka. Kati ya hali hizo mbili kuna siku chache ambazo jiwe linakubali nakshi ndogo ndogo, na magunia yale ni njia ya kuzirefusha siku hizo. Yeye huliita jiwe bichi.

“Jiwe lina saa yake,” huniambia. “Ukiikosa, utapigana nalo tu.”

Nimekaa naye mara nyingi nikimtazama. Hukalia debe lililopinduliwa, jiwe limelazwa juu ya tairi kuukuu ili lisirukeruke, na kabla ya kuanza huligonga kwa mpini wa nyundo hapa na pale kama daktari anayegonga kifua cha mgonjwa. Jiwe zima hulia. Lenye ufa ndani huitika kwa sauti iliyokufa, kama debe lililojaa mchanga, na hilo huwekwa kando liwe la msingi. Kisha tindo. Halikamati kwa ngumi. Hulishika kwa vidole vitatu, wima kwa mkato wa kwanza, halafu hulilaza. Nyundo haiinuki zaidi ya shubiri moja. Nguvu yote iko kwenye kifundo cha mkono, na mlio wake umetulia kiasi kwamba majirani wakiusikia wanajua saa tatu imefika.

Mwaka mmoja nilirudi kutoka Pwani na picha za makaburi ya kale ya Gede kwenye simu yangu. Nilidhani atashangaa minara. Aliipanua picha kwa vidole mpaka ikabaki kona moja tu ya fremu, pale mstari uliochongwa unapogeuka kufuata pembe, akaikazia macho kwa muda mrefu.

“Hili ni jiwe gani?”

“Tumbawe, Mzee. Linatoka baharini.”

“Aliyelichonga hakulisubiri likauke,” akasema. Akanirudishia simu, akamwita mjukuu amwage maji. Siku ya pili yake akaniuliza nauli ya kwenda Mombasa ni shilingi ngapi siku hizi. Alikuwa na miaka sabini na kitu, na Mwislamu wa Majengo tangu kuzaliwa, lakini Pwani alikuwa ameiona mara moja tu, ujanani, akipeleka maiti. Mwezi wa Agosti tukapanda basi la usiku.

Mafundi wa mwambao walikuwa na mawe ya aina mbili, na asiyezitofautisha hawezi kuyasoma makaburi yao. La kwanza ni lile la nchi kavu, mwamba wa matumbawe yaliyokufa zamani za kale bahari ilipokuwa juu zaidi. Gumu, lenye matundu na vipande vya makombe, zuri kwa kuta nene. Hilo ukilichonga linakupa linachotaka lenyewe. La pili ndilo tumbawe lililokatwa likiwa hai kwenye miamba ya chini ya maji, ile jamii ambayo wataalamu wa viumbe vya bahari huiita Porites. Likitoka majini ni laini na zito, punje zake ni ndogo na zimelingana, kwa hiyo mkato hubaki palepale ulipokatwa. Likipigwa na hewa na jua hukaza. Fremu za milango, mihrabu, zidaka, pembe za makaburi, kila mahali penye nakshi palitumika hili la pili. Basi fundi wa Gede alikuwa katika hali ileile ya Mzee wa Majengo, ila saa yake ilianza kuhesabiwa pale jiwe lilipotolewa majini, na maji ya kopo yasingemsaidia sana. Ilimbidi awe amekwisha kuamua atachonga nini kabla ya mpiga mbizi kuingia baharini.

Kituo chetu cha kwanza kilikuwa Jumba la Mtwana, karibu na Mtwapa, mji wa karne ya 14 uliobaki magofu chini ya mibuyu. Kando ya msikiti unaotazama bahari kuna kaburi la jiwe lenye aya ya Kurani kuhusu mauti. Mzee hakulikaribia mara moja. Alisimama hatua kumi hivi, akawasalimia wenyeji wa makaburini kama tulivyofunzwa, akasoma Fatiha, ndipo akasogea. Kisha akanionyesha jambo ambalo mimi nimepita juu yake mara tatu bila kuliona.

“Huyu kichwa chake kiko huku,” akasema, akionyesha mashariki. “Sawasawa na watu wetu wa Kariokor.”

Ni kweli. Kibla chetu cha Afrika Mashariki kiko kaskazini, na maiti hulazwa kwa ubavu wa kulia akielekezwa huko, kwa hiyo kaburi hukata ardhi kutoka mashariki hadi magharibi. Makaburi ya Waislamu ya Kariokor, pale ambapo nusu ya wazee wa Majengo wamelala, yamepangwa hivyohivyo, na mengi hayana juu yake zaidi ya udongo na kibao. Wanazuoni wengi hawapendi kabisa kaburi kujengewa, na Mzee ni wa upande huo. Baba yake alizikwa bila hata jiwe, na yeye mwenyewe ameusia hivyo. Niliona namna alivyokuwa akiyaheshimu mambo mawili kwa pamoja: hukumu anayoiamini na mkono wa fundi anayeutambua.

Mnarani, juu ya mwamba upande wa kusini wa hori ya Kilifi, tulifika jua likiwa kichwani. Mji ule ulikaliwa tangu karne ya 14 hadi mwanzoni mwa karne ya 17, na miaka ya 1950 mwanaakiolojia James Kirkman aliuchimba, akakuta maandishi ya Kiarabu yaliyochongwa kwenye tumbawe kwa ustadi ambao umewashughulisha wataalamu mpaka leo. Herufi zimesukana na majani na mizabibu hata jicho lisilozoea halijui neno linaishia wapi na jani linaanzia wapi. Zaidi ya hapo, hazikuchimbwa ndani ya jiwe; zimeinuka. Mzee alinieleza tofauti yake akitumia kiganja chake kama ubao. Kuchimba herufi ni kuondoa herufi. Kuiinua ni kuondoa kila kitu kingine, kote kuizunguka, kwa kina kimoja, bila kuigusa. Ukiteleza ukakata mkia wa herufi huna cha kuongezea, labda uanze jiwe jipya, na jiwe jipya liko chini ya bahari.

“Hapa kuna watu wawili,” akasema. “Mmoja anajua kuandika. Mwingine anajua jiwe. Wakigombana kazi inaharibika.”

Kisha akafikiri kidogo. “Au ni mtu mmoja. Basi huyo alikuwa na bahati.”

Tulilala Gede, kijiji kilicho kilomita 16 hivi kabla ya Malindi, na asubuhi tukaingia magofuni mlango ulipofunguliwa tu, majani yakiwa bado na umande na kima wakirukaruka juu ya mibambakofi. Mji ule ulikuwa na msikiti mkuu, jumba la mfalme na kuta mbili za kuuzungusha; nyumba za mawe zilikuwa za wachache, na watu wengi waliishi katika nyumba za miti na udongo ambazo hazikuacha kitu juu ya ardhi. Kirkman alianza kuuchimba mwaka 1948. Mwaka 2024 UNESCO waliuingiza katika orodha ya urithi wa dunia. Kwangu mimi moyo wa mahali pale ni kaburi moja lenye maandishi yanayotaja mwaka 802 Hijria, yaani 1399 Miladia. Tarehe hiyo imewasaidia watafiti kupima umri wa vitu vingine vya mji, lakini mimi huipenda kwa sababu nyingine: kuna siku katika mwaka ule fundi alisimama hapa, akarudi nyuma hatua mbili kuitazama kazi yake, akaona imekwisha.

Kaburi la namna hii si chumba. Ni ukuta mfupi wa mstatili uliozungushia udongo alimolala marehemu. Uso wa ukuta umegawanywa katika visanduku vilivyoingia ndani, kama madirisha yasiyofunguka, kila kimoja na fremu yake. Pembe nne huinuka ngazi ngazi. Na katika makaburi ya wakubwa, mnara hupanda juu ya ukuta: wa mraba, wa mviringo, wa pembe nane, au kama ule mwingine wa hapohapo Gede, wenye mifuo iliyoshuka wima kutoka juu hadi chini. Makaburi ya minara yameenea tangu kusini mwa Somalia hadi pwani ya Tanzania, hadi Kaole na Kunduchi. Wataalamu wamebishana sana juu ya asili yake, wengine wakiyahusisha na nguzo za kumbukumbu za jamii za bara zilizokuwapo kabla ya Uislamu. Lililo wazi ni kwamba Uarabuni huyakuti. Ni wazo la watu wa hapa.

Mzee aliyaacha hayo yote akachuchumaa mbele ya kipande kimoja cha fremu. Kilikuwa na ule urembo wa mistari inayolala huku na huku kama mifupa ya samaki, ukifuata ukingo kisha kugeuka kwenye kona. Alikigusa kwa ukucha. Akahesabu meno kutoka konani kuja katikati, akapima upana wa kila moja kwa ukucha uleule, akarudia kutoka kona ya pili. Mimi nilikaa kwenye majani makavu nikasubiri. Ilipita karibu robo saa.

“Njoo,” akaniita. “Weka kidole hapa. Sasa hapa.”

Sikuhisi tofauti. Akanikamata kidole, akakipitisha tena, taratibu, na mara hii nikaihisi: meno ya katikati yalikuwa mapana kidogo kuliko ya konani. Unene wa kiberiti, pengine pungufu.

Akanieleza. Mwanafunzi huanza nakshi upande mmoja akaenda nayo mpaka mwisho, na akifika konani anakuta nafasi iliyobaki ni ya jino na nusu. Hapo ndipo utaona pembe zilizobanwa, au jino lililokatwa kichwa. Fundi aliyekomaa huanza na kona zote, kwa sababu kona ndiyo jicho linapotua, akazichonga zikiwa kamili na zimelingana, kisha hutembea kutoka pande mbili kuja katikati. Tofauti ikiwapo, na karibu kila mara huwapo, huigawanya kwenye meno matano au sita ya katikati, kila moja likichukua kidogo, mpaka hakuna linaloonekana kubeba mzigo. Jicho linapita hapo halisimami. Kinachokamata ni kidole tu, tena kidole cha mtu anayejua pa kutafuta.

“Huyu,” akasema Mzee, akiinuka kwa kushikilia goti, “alikuwa amekwisha kuharibu mengi kabla ya hili.”

Sijui kama kuna sifa kubwa kuliko hiyo kutoka kwa fundi kwenda kwa fundi. Aliisema polepole, kwa sauti aliyowasalimia nayo wafu siku iliyotangulia.

Kwenye mnara alitumia muda mwingi zaidi akitazama juu. Mnara wa kaburi ndani hauna uwazi wa ngazi kama wa msikiti. Ni mawe ya mwamba na chokaa, umeshiba, halafu umepigwa lipu nje. Chokaa yake ilitokana na matumbawe hayohayo. Magogo hupangwa duara, tundu huachwa katikati, mawe hurundikwa juu, moto hutiwa kutoka ndani, na tanuu huwaka mpaka mawe yanageuka kuwa meupe na mepesi. Kisha humwagiwa maji, huchemka yenyewe, hulainika, na chokaa nzuri huachwa ikae muda mrefu kabla ya kutumika. Ikipakwa, haikazi kama simiti. Hukaza kwa kuvuta hewa, kutoka nje kwenda ndani, kwa majuma na miezi.

Hapo ndipo hesabu ya Mzee ilipoanza. Ukipandisha mnara wa chokaa kwa haraka, uzito wa juu unaminya chini ambako bado ni uji. Kwa hiyo unajenga kimo cha mkono, unapiga timazi pande zote, unaondoka. Unarudi siku kadhaa baadaye, unagonga kwa mpini wa nyundo kusikia kama pamekaza, unaongeza kimo kingine. Mnara mmoja, alikadiria, ulikula msimu mzima wa kaskazi, na fundi akiwa na makaburi mawili au matatu anayoyazungukia. Akatazama tena mstari wa mnara dhidi ya mti uliokuwa nyuma yake. “Na bado umenyooka,” akasema.

Tukanyamaza kidogo, na nadhani sote wawili tulikuwa tunafikiria kitu kimoja, kwa sababu alipofungua kinywa alisema, “Huruma.” Aprili 2016 jengo la orofa sita lilianguka Huruma, kilomita chache kutoka uani kwake, usiku wa mvua, likaua watu zaidi ya 40. Mzee alikuwa mmoja wa waliokwenda kusimama nje ya kamba siku zile, akitazama vipande vya nguzo vikitolewa. Anasema aliokota donge la zege akalifikicha kwa vidole, likawa mchanga. Hakuongeza neno, na mimi sikuuliza.

Jambo lingine la Gede, na la pwani yote ya makaburi haya, ni matundu ya duara kwenye lipu. Palikuwa na bakuli humo. Kauri za Uchina, nyingine za kijani laini, nyingine nyeupe zenye michoro ya buluu, zilisafiri kwa jahazi baada ya jahazi kuvuka Bahari ya Hindi, zikafika hapa, na badala ya kuliwa chakula zikapandikizwa kwenye ukuta wa kaburi, uso nje, zing'ae. Nyingi zimeng'olewa. Mzee aliingiza kidole gumba katika tundu moja, akalizungusha, akatabasamu. Chini kabisa kulikuwa na alama ya mzingo mdogo, ule mguu wa bakuli ulipokaa. Fundi alisukuma bakuli kwenye lipu ikiwa bado mbichi, akaizungusha nusu mzunguko ili chokaa iingie chini ya mguu na kuushika. Kwa hiyo aliyekuja baadaye na kisu kuiba alilazimika kuvunja, chokaa haikuachia. Walioiba waliondoka na vigae, na ukuta ukabaki na umbo la bakuli, mguu na yote.

“Walimwibia marehemu,” akasema Mzee, “fundi hawakumwibia kitu.”

Alitaka kujua ni nani aliyewafunza watu hawa. Nikamwambia habari ya Kizimkazi, kusini mwa Unguja, ambako mihrabu ya msikiti imezungushiwa maandishi ya Kufi yaliyochongwa kwenye tumbawe, yenye mwaka 500 Hijria, yaani 1107. Karibu miaka 300 kabla ya kaburi lile la Gede, tayari kulikuwa na mkono ulioweza hivyo. Na Ibn Battuta alipopita Mombasa mwaka 1331 alisifu misikiti ya mbao iliyojengwa kwa ustadi. Maana yake mafundi wa mbao na mafundi wa mawe waliishi pamoja, wakatazamana kazi. Mzee aliitikia kwa kichwa. Alisema nakshi ile ya mifupa ya samaki ameijua tangu utoto kwenye mkeka wa bibi yake. Katika makaburi yote tuliyoyatembelea hatukuona jina la fundi hata mmoja.

Malindi hatukukaa sana. Wageni wengi huenda moja kwa moja kwenye msalaba wa Vasco da Gama, kule kwenye ncha ya ardhi. Mimi naona wanapita nguzo iliyo bora. Mbele ya bahari, kando ya Msikiti wa Juma, kuna makaburi mawili ya minara. Mkubwa umehesabiwa kuwa wa karne ya 15, na Mreno yule alitia nanga Malindi mwaka 1498, kwa hiyo huenda mnara ulikuwa umekwisha kusimama ukimtazama akiingia. Magari ya wachuuzi wa samaki yalikuwa yameegeshwa karibu kabisa. Mama mmoja aliyekuwa akiuza maembe alimwuliza Mzee kama ana ndugu aliyezikwa pale, kwa jinsi alivyokuwa amesimama. “Ndiyo, mama,” akamjibu. Sidhani alikuwa akidanganya.

Mambrui, ng'ambo ya mto Sabaki, tulikwenda kwa sababu ya kaburi ambalo mnara wake ulipambwa bakuli za Uchina za zama za Ming, kisha ukaanguka. Takwa, kwenye kisiwa cha Manda, hatukufika, fedha ziliisha. Njiani kurudi Nairobi nikamsimulia: mji uliohamwa, mnara wa kaburi umebaki nje ya ukuta wa mji, tarehe yake 1094 Hijria, karibu na 1683, na watu wa Shela, ambao wazee wao walitoka huko, wana desturi ya kwenda kulizuru kaburi hilo na kuombea mvua. Akauliza kama lipu yake bado ipo. Nikasema ipo. “Basi anazurika,” akasema, akalala mpaka Mtito Andei.

Wiki mbili baadaye nilipita Majengo. Mzee alikuwa kwenye debe lake. Jirani mmoja alikuwa amefiwa na mtoto, na akaomba kibao cha kaburi, Kariokor, chenye jina na tarehe, basi. Wazee wa msikiti hawakuwa na neno juu ya hilo. Mzee alikuwa amechagua jiwe kutoka chini kabisa ya rundo, lile lililokaa na maji zaidi, na alikuwa hajaanza jina. Alikuwa ameanza na ukingo, mstari mmoja mwembamba wa kuzunguka kibao, bila meno, bila majani. Kona mbili zilikuwa tayari. Za chini alikuwa amezitia alama kwa penseli. Katikati, pande zote nne, jiwe lilikuwa bado tupu.

Alikuwa amenipa mgongo na hakugeuka.

“Mwanangu,” akasema, “kabla hujakaa, nipe hilo kopo. Upande huu unaanza kukauka.”